Kiporo Hakilali Maskati

Katika kilo 30 za mzigo nilizoruhusiwa kwenye ndege, kilo 12 zilikuwa chakula. Dona kilo 7, unga wa ulezi kilo 3, na maharage kilo 2 niliyoyachambua punje kwa punje nikiwa nimekaa kwenye kigoda jikoni kwa mama. Mwiko niliuviringisha ndani ya sweta za watoto ili usivunjike njiani. Hiyo ilikuwa Mei 2022. Mume wangu alikuwa ametangulia Maskati, mji mkuu wa Omani, miezi saba kabla, kwa kazi ya upimaji katika kampuni ya ujenzi, na sasa mimi na watoto wetu wawili, wa kike miaka 9 na wa kiume miaka 6, tulikuwa tunamfuata.

Naandika haya kwa ajili ya mama au baba ambaye sasa hivi anapanga begi kama lile. Mambo ya viza na shule utaelezwa na wengi. La chakula mimi sikuelezwa na mtu, na ndilo lililotutesa kuliko yote: lilinila fedha, likanigombanisha na mume wangu, na usiku mmoja likanipeleka hospitali nimembeba mtoto.

Kwanza mjue tulikotoka. Njombe mjini, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai ukiamka mapema unakuta sakitu nyeupe juu ya majani, na watoto wanakwenda shule huku pumzi zao zinafuka kama moshi. Chakula chetu chote kinafuata baridi hiyo. Asubuhi ni uji wa ulezi, au chai ya maziwa yenye tangawizi na viazi vya kuchemsha. Jioni ni ugali na maharage yaliyokaa mafigani tangu saa tisa, na kabla ya kula tunakaa kuzunguka moto tunaota. Kinachobaki kinafunikwa, kinalala hapo hapo jikoni, asubuhi kinapashwa na kuliwa kwa chai. Mtu wa Njombe haelezwi utamu wa kiporo cha maharage. Maisha yangu yote sikuwahi kufikiri kwamba hicho ni chakula cha watu wa baridi. Kwangu kilikuwa chakula, basi.

Nyumba aliyotutafutia mume wangu ilikuwa Seeb, eneo la Maskati, ghorofa ya juu kabisa. Aliichagua kwa sababu kodi yake ilikuwa pungufu kwa rial 25 kwa mwezi kuliko zile za chini, na rial moja wakati ule ilikuwa karibu shilingi 6,000, kwa hiyo simlaumu. Lakini paa la zege linakunywa jua mchana kutwa na kulitema usiku. Vyumba na sebule vilikuwa na viyoyozi, jikoni hakukuwa na kitu, ila kidirisha kimoja kinachotazama ukuta wa jirani. Nikiweka kiganja ukutani saa mbili usiku, ukuta ulikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe. Ukipelekwa kuona nyumba nchi ya joto, sebule waachie wengine waisifu. Wewe ingia jikoni, ufunge mlango, usimame dakika tano. Huko ndiko utakakoishi.

Na maji. Matangi yako juu ya paa, kwa hiyo mchana wa Juni ukifungua bomba la maji baridi unaungua vidole. Nilikuwa naosha mchicha unanyauka mikononi mwangu kabla haujafika jikoni. Baadaye nilijifunza wanachofanya wenyeji: kuanzia Mei wanazima hita ya maji, na yale maji yaliyokaa ndani ya tangi lake, kwa kuwa liko ndani ya nyumba yenye kiyoyozi, yanapoa. Wakitaka maji ya baridi wanafungua bomba la moto. Mimi nilikaa wiki sita nzima bila kulijua hilo.

Sasa njoo mezani. Nilianza kupika kama nilivyopika siku zote, saa kumi na moja jioni, ili tule saa mbili. Mchana wa Maskati mwezi Juni unapita nyuzi 40, na jua likishazama unaweza kukuta bado ni 35. Maharage yalitaka saa mbili na nusu za moto wa gesi. Ndipo nasonga ugali, jasho linaingia machoni, nimefumba jicho moja, mkono mmoja umeshika sufuria na mwingine mwiko. Nikimaliza, kanga niliyojifunga inanata mgongoni. Napakua, naita watu.

Hawali. Mume wangu anakata matonge manne, la tano analifinyanga tu vidoleni, kisha anaomba maji. Binti anakula mchuzi wa juu. Mdogo anachokoa matango yote kwenye kachumbari, anasema ameshiba. Sufuria inabaki nusu. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki ya tatu nilianza kuumia moyoni. Kwetu mtu akikirudisha chakula chako amekurudisha wewe. Nilifikiri mume wangu katika ile miezi saba ya kula mahotelini amepata ladha nyingine na hataki tena mkono wangu. Watoto nikaona wanadeka. Nikaongeza bidii, nikaongeza mafuta, nikaongeza nazi, nikapika vizito zaidi, na wao wakazidi kula kidogo.

Usiku mmoja nilishindwa kujizuia. Nikamwambia, "Kama kuna anayekupikia vizuri huko nje, sema nipumzike." Alinitazama kwa muda mrefu. Alikuwa amekuwa mweusi kwa jua, midomo imepasuka. Akasema, "Mama watoto, chakula ni kizuri. Hakipiti tu." Nililala nimempa mgongo. Neno lile, hakipiti, sikulielewa mpaka nilipompeleka mdogo kliniki, mzani ukaonyesha amepungua kilo 2 tangu tufike. Muuguzi hakuniuliza ninampikia nini. Aliniuliza anakula saa ngapi. Ndipo akanieleza kwamba mwili unapomeng'enya chakula, hasa mlo mzito, wenyewe unatoa joto, na mwili ambao tayari unahangaika kupoa unaikataa kazi hiyo ya ziada kwa kuiondoa hamu ya kula. Nilitoka pale nimenyamaza. Miezi miwili nilikuwa nimenuna kwa jambo ambalo halikuwa la mapenzi wala dharau.

Hata hivyo sikubadilika siku ile. Kusikia ni kitu kimoja, mkono kuacha ulichozoea ni kingine. Nilijiambia watazoea.

Unga ndio uliotangulia kunishinda. Mwisho wa Julai nilifungua mfuko wa dona nikakuta harufu kama ya mafuta ya zamani ya kukaangia, na ndani fukusi wanatembea. Dona lina kiini cha hindi, na kiini kina mafuta, ndiyo maana kwenye joto linachacha haraka kuliko sembe. Njombe dona lilikuwa linakaa miezi kwenye ndoo bila shida. Nilimwaga kilo 4. Nilikaa sakafuni jikoni nikalia, si kwa ajili ya bei, bali ule unga aliusagisha mama. Kama lazima ubebe unga, beba sembe, ugawe kwenye mifuko midogo, na siku unayofika uutie kwenye friza. Unaotumia wiki hii ndio ukae nje, tena ndani ya kopo linaloziba. Kuhusu kununua huko, maduka ya vyakula ya Kihindi na Kipakistani huwa na unga wa mahindi ya njano. Umesagwa laini mno, na ukiupika kama sembe unakuwa kama gundi. Upunguzie maji, anza na uji mzito uchemke vizuri, kisha songa kwa unga uliobaki. Hautakuwa ule wa nyumbani, lakini utashika tonge.

Shule zilipofunguliwa ndipo nilipofanya kosa ambalo mpaka leo likinijia usiku nageuka kitandani.

Watoto walikuwa wanaingia darasani saa moja asubuhi na kurudi nyumbani karibu saa nane mchana. Nilitaka wale chakula cha maana, si biskuti. Nikaamka saa kumi na moja alfajiri, nikapika wali na maharage ya nazi, nikajaza hotipoti mbili ndogo nilizozinunua kwa furaha kabisa, nikazifunga. Kwetu hotipoti ni heshima. Chakula kikitoka humo bado cha moto, mama amefanya kazi yake. Mdogo alikula nusu saa nne, akafunga, na nusu nyingine akaimalizia saa nane kasoro ndani ya basi la shule. Saa kumi na mbili jioni alianza kutapika. Kufikia saa tano usiku alikuwa ametapika na kuharisha mara saba, macho yameingia ndani, ukimfinya ngozi ya tumbo inachelewa kurudi.

Hospitalini walimtundikia dripu. Daktari aliuliza chakula cha siku ile, nikamweleza, nikataja na hotipoti nikidhani najitetea. Alinieleza kwa utulivu, na nitaeleza hapa kama nilivyoelewa kwa sababu akina mama wengi wa kwetu tunabeba hotipoti hizo. Kuna bakteria ambao mbegu zao zimo kwenye mchele wenyewe na hazifi kwa kuchemshwa. Chakula kikiwa juu ya nyuzi 60 zinalala. Kikishuka chini ya hapo, zinaamka na kuzaana. Hotipoti ndogo haiwezi kukiweka chakula juu ya nyuzi 60 kwa saa nane. Kinachofanya ni kukishusha polepole hadi kwenye uvuguvugu na kukikalisha hapo, yaani kuwapashia bakteria kitanda. Baya zaidi, sumu ambayo baadhi yao wanaiacha kwenye wali haiondoki hata ukiupasha upya mpaka ufuke. Kwa hiyo ile tabia yetu ya "nitaupasha vizuri" haiokoi.

Kanuni aliyonipa ni hii: chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na mahali penye joto la kupita nyuzi 32 kisizidi saa moja. Tulikaa pale hadi asubuhi. Bima yetu ilikuwa bado haijaanza kufanya kazi, tukalipa rial 38 taslimu. Kabla hujasafiri na watoto, hakikisha bima inaanza siku ile ile mnayotua, na uione imeandikwa.

Tuliporudi nyumbani nilikuwa napanda ngazi nimemshika mdogo mkono, kila ngazi tatu tunasimama namnywesha maji ya ORS kwenye kikopo. Nikamwambia, "Kunywa, mwanangu, kidogo kidogo." Mlango wa ghorofa ya pili ulikuwa wazi. Sauti ya mwanamke mzima ikatoka ndani, "Mtoto anaumwa nini, mwanangu?"

Kwa Kiswahili. Kiswahili cha Unguja, laini, kama cha redioni zamani. Miezi minne nilikuwa napita mlango ule nikiinamisha kichwa na kusema salamu aleikum kwa woga, na ndani yake kulikuwa na bibi aliyezaliwa Unguja. Wapo wengi kama yeye Omani, hasa waliohamia baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970, na ukienda Seeb au Ruwi, eneo jingine la Maskati, ukasema Kiswahili sokoni kuna mtu atageuka. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na mimi nikaanza kulia pale pale kwenye ngazi. Alituingiza ndani, akamlaza mtoto kwenye mkeka chini ya kiyoyozi. Nilipomaliza kumsimulia habari za hotipoti, alitikisa kichwa akasema, "Huku, mwanangu, kiporo hakilali."

Niongeze hapa kwa haraka, maana pakiti za ORS zinaweza kukosekana usiku: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mpe mtoto kwa kijiko, akitapika subiri dakika kumi uanze tena. Akiwa analegea, hakojoi, au hawezi kushikilia chochote tumboni, usikae nyumbani.

Bibi yule ndiye aliyenifundisha kupika upya, nami nilikuwa mama wa miaka 34. Jambo la kwanza hakugusa viungo wala aina ya chakula. Aligusa saa. "Unapika jua halijaamka," aliniambia, "na unakula kizito mchana, ndani, kwenye baridi. Usiku tumbo liache lipumzike." Nilikuwa nimeona kwamba watu wa pale wanakula wali wao mkubwa saa nane au saa tisa mchana, nikadhani ni mila tu. Kumbe ina hesabu yake. Saa kumi na moja alfajiri jikoni ndipo panavumilika. Saa nane watoto wamerudi, sebule ina kiyoyozi, wana njaa ya kweli. Baada ya kula wanalala kidogo, na jua linawaka nje wao hawalioni.

Kwa mume wangu hilo lilikaa vizuri zaidi kuliko nilivyotegemea. Kuanzia Juni hadi Agosti sheria ya kazi ya Omani inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, kwa hiyo majira hayo walikuwa wanaanza kazi alfajiri na kumaliza mapema. Ile jioni niliyokuwa namsubiri na ugali ndiyo saa mwili wake ulikuwa umechoka kabisa. Saa tisa mchana alikuwa anakula. Niliona kwa macho yangu sahani ikisafishwa, nikainuka nikaenda kusimama jikoni kidogo, nisionekane uso.

Vyakula vyenyewe vilibadilika taratibu, vingine bila mimi kuamua. Nyama ilipungua, samaki akachukua nafasi. Soko la samaki linakwendwa asubuhi mapema, na usiende bila boksi lenye barafu, hata kama nyumbani ni dakika ishirini, kwa sababu gari lililokaa juani ni tanuri. Jodari na vibua vilikuwa nafuu kwetu kuliko nguru. Halafu kuanzia 15 Agosti hadi 15 Oktoba nguru hairuhusiwi kuvuliwa ili azaane, kwa hiyo usipange sherehe ya nguru mwezi wa Septemba. Maharage sikuyaacha, ila nilinunua sufuria ya presha kwa rial 11, na saa mbili na nusu za moto zikawa dakika arobaini. Hicho ndicho chombo ambacho ningenunua wiki ya kwanza kabla ya pazia wala zulia. Maharage yakiiva nayagawa kwenye makopo ya mlo mmoja mmoja, nayalaza kwenye sinia lenye maji na barafu mpaka yapoe, ndipo yanaingia friza. Wali natandaza kwenye sinia pana upoe haraka, dakika kumi na tano, halafu friji. Sufuria nzima ya wali wa moto ukiitia kwenye friji, katikati itabaki vuguvugu kwa saa nyingi na utavipasha moto na vya jirani yake.

Jioni tukaanza kula vitu ambavyo kwetu nisingeviita chakula. Mkate na mayai, tango na nyanya, tikiti. Laban, yaani maziwa ya mgando mepesi, na tende. Miezi ya kiangazi tende zinapoiva, bibi alikuwa anatuletea zile laini mbichi, rutabu, kwenye bakuli, na binti yangu anakula saba na glasi ya laban, analala. Mwanzoni nilikuwa nikimwangalia kwa huruma, naona nimemlaza mtoto njaa. Mzani wa Desemba ulionyesha ameongezeka kilo 3.

Hotipoti sasa nazitumia kinyume. Usiku nazitia maji baridi, asubuhi namwaga, natia matunda yaliyokatwa, matango, na kichupa cha maji kilichoganda katikati. Mchana bado ni baridi. Shuleni wanabeba mikate, karanga, zabibu, na laban iliyogandishwa ambayo saa nne imeyeyuka nusu, tayari kunywewa. Wali shuleni hauendi tena.

Kuhusu kunywa, nisiache hili. Utaambiwa na kila mtu, "Kunywa maji mengi." Mume wangu alikuwa anakunywa lita nne na bado usiku misuli ya vigimbi inamkaza mpaka anapiga kelele. Jasho linatoa na chumvi. Bibi alimwambia atie chumvi kidogo kwenye laban, au anywe maji ya limau yenye chumvi na sukari akitoka kazini, na mikazo ikapungua ndani ya wiki. Mwenye shinikizo la damu aulize daktari kwanza kabla ya kujiongezea chumvi. Na angalieni mkojo, hata wa watoto. Ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, mwili umekauka, hata kama mtu anasema hana kiu.

Gharama niziseme wazi. Umeme ulipanda kutoka rial 12 mwezi Februari hadi rial 37 mwezi Julai. Friza ya mtumba tuliinunua rial 45. Chakula nilichotupa miezi minne ya kwanza sikukiandika, lakini kwa makadirio yangu kilifika rial 60: mikate iliyoota ukungu siku ya tatu, ndizi zilizoiva zote kwa siku moja, tui lililochacha kabla ya saa sita, maandazi ambayo unga wake uliumuka ukamwagika kwa sababu nilitia hamira kipimo cha Njombe. Huku hamira nusu yake inatosha, na maji ya kukandia yawe ya friji.

Novemba hewa ilipolegea, meza yetu ilirudi nyuma kidogo. Nilipika uji wa ulezi asubuhi moja ya Januari, madirisha wazi, wakanywa vikombe viwili viwili. Ramadhani ya Machi 2023 sisi tusio Waislamu nasi tulijipanga upya, kwa kuwa mchana huli wala hunywi hadharani, na jioni bibi akawa anamtuma mjukuu wake na sambusa na bakuli la uji. Mimi nikawa narudisha bakuli na chapati. Sikutaka lirudi tupu.

Ila nilikuwa bado na swali moja sijamwambia mtu. Nilijua kwa akili kwamba lilikuwa joto. Moyoni nilikuwa bado nauliza kama hawajaukataa mkono wangu. Agosti 2023 tulikwenda Salalah, kusini, safari ya karibu kilomita 1,000 kwa gari. Miezi hiyo huko kuna khareef, msimu wa manyunyu na ukungu unaotoka baharini, milima inakuwa kijani kama Ludewa wakati wa masika. Tulipanga vyumba viwili vyenye jiko dogo. Barabarani wanauza madafu, ndizi na mapapai. Watoto walishuka kwenye gari wakasimama kwenye ukungu wakanyoosha mikono, na binti akasema, "Mama, kunanuka nyumbani."

Nilikuwa nimebeba sembe kilo 2 kwenye boksi. Jioni ile nikasonga ugali, saa moja usiku, dirisha wazi, manyunyu yanaingia mpaka kwenye karai la vyombo. Maharage, mboga, hakuna kingine. Mume wangu alikula mpaka akakwangua ukoko. Mdogo aliomba kuongezwa mara mbili, mara ya pili nikamkatia sehemu yangu. Ugali ule ule, mwiko ule ule. Nilikaa nikiwatazama, na kitu kilichokuwa kimenikaba tangu mwaka uliopita kikashuka.

Siku hizi ugali wetu Maskati ni Ijumaa mchana, ambayo ni siku ya mapumziko. Nasonga mdogo, saa mbili asubuhi tayari samaki amekaangwa na kuwekwa friji, ugali wenyewe nausonga dakika za mwisho, na kachumbari inakuwa nyingi kuliko vyote. Watoto wanaisubiri wiki nzima.

Juni 2024 tulikwenda Njombe likizo. Sweta nilizozibeba zamani hazikuwatosha tena, mama akawafunga mablanketi. Usiku wa kwanza tulikula mpaka tukachoka, sufuria ya maharage ikabaki robo, mama akaifunika na kuisogeza pembeni ya mafiga kama siku zote. Mdogo, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 8, akainuka kwenye kigoda, akaishika sufuria kwa mikono miwili akitazama huku na huku. "Bibi, friji iko wapi? Saa moja inakaribia kuisha."

Mama akamfungulia mlango wa nje. Baridi ikaingia jikoni kama maji. "Friji hiyo hapo, mjukuu wangu. Weka sufuria, ukalale."